Mashine Yangu Iliyokatiza Salamu

Nimesimama, ndugu zangu, na sitazami chini. Wengi wenu mnanijua tangu tulipopewa barua za kupunguzwa kazi. Wengine mlinicheka. Msijifiche nyuma ya vitenge, nawaona! Sina kinyongo. Leo zamu ni yangu, na majina ya watu sitayataja.

Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya pamba, miaka kumi na minane. Soko huria likaja, ofisi ikafungwa, tukaambiwa asanteni sana. Kwa kiinua mgongo changu nilinunua kompyuta ya mtumba iliyokuwa inauzwa na ofisi nyingine inayofunga. Jamani, maneno niliyoyasikia! Kaka yangu mkubwa alitoka Kisesa mpaka kwangu Mkolani kuja kuitazama tu. Akaizunguka, akaigonga kwa kidole.

"Mdogo wangu," akasema, "wenzako wanauza mapanki, yale mabaki ya sangara, wanakula. Wewe unalea sanduku."

Akanipa muda: mavuno yakiisha na sanduku halijanilisha, anakuja na pikapu, vyombo vyangu vinapakiwa, nahamia kwake. Kaka yangu ana moyo mzuri, nawaambia ukweli. Lakini nani kati yenu anataka kuzeekea jikoni kwa wifi yake, anaomba chumvi? Mimi nilisema siendi. Nilisema kimoyomoyo, maana kwa sauti nisingethubutu.

Sasa nisikilizeni hapa taratibu. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba, aliyenifundisha kuandika maagizo kwa kompyuta. Unaandika mstari mmoja wa maneno, mashine inatii, unaandika mwingine. Halafu akanipa disketi zenye kitu anachokiita maktaba. Siyo ya vitabu. Ni amri za picha na sauti ambazo watu wengine wameshaziandika, wewe unaziita kwa jina tu: onyesha picha hii, piga sauti ile. Mama mzima, mikono imezoea taipu, nikaona picha ya sufuria inatokea kwa sababu mimi nimeiita. Nililia, sioni haya kusema.

Nikaenda zahanati ya masista, pale kina mama wanapopima watoto kila Alhamisi. Wengi wao hawasomi, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Nikamwambia sista, shida yako ni watoto wanaoharisha. Nitakutengenezea somo la maji ya chumvi na sukari, kwa picha, na kwa Kisukuma. Sista akakubali, kamati ya zahanati ikaguna. Sauti nikamwomba jirani yangu, bibi mmoja wa Kisukuma mwenye sauti ya kutuliza hata ng'ombe. Akaketi mbele ya maikrofoni, akasalimia, "Mwangaluka!" akasema somo lote bila kujikwaa, kipande kwa kipande, kila picha na sauti yake.

Mara ya kwanza nilipoijaribu nyumbani, ilikuwa vurugu tupu. Sauti zote zilitoka kwa pamoja, bibi mmoja akagombana na nafsi yake. Mwalimu akacheka, akanieleza: ile amri ya kupiga sauti inaanzisha tu sauti, haingoji iishe, inakimbilia mstari unaofuata. "Weka sekunde za kungoja katikati," akasema. Nikaweka. Nikaijaribu peke yangu chumbani, ikaenda sawasawa. Nikajiona fundi.

Alhamisi ikafika. Kina mama benchi zima, watoto mgongoni, kamati mstari wa mbele. Nikabonyeza. Mashine ikasema, "Mwangaluka!"

Weee! Nani Msukuma atasalimiwa akae kimya? Benchi zima liliitikia. Wakaiuliza na yenyewe hali ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, huku wanacheka na kupigana mabega. Mashine yangu sekunde zake zimekwisha, ikaendelea na safari. Picha ya maji ikapita. Picha ya chumvi ikaja, wao bado wanasalimiana nayo. Waliponyamaza, walisikia mwisho tu wa sauti ya sukari.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mkali, akamwinua mama mmoja kijana. "Haya, mama, umejifunza nini?"

Akajibu bila wasiwasi, "Tumeona chumvi, tukasikia vijiko sita."

Ndugu zangu, vijiko sita ni vya sukari! Chumvi ni nusu kijiko cha chai katika lita moja. Sista alishika kichwa. Mwenyekiti akanigeukia, "Mama, ondoa kitu chako. Kitatuulia watoto." Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma. Wakisema mwanamke hawezi kompyuta, nina majibu ya wiki nzima. Lakini pale alisema kweli tupu. Nikaanza kuchomoa nyaya.

Ila kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kabla sijatoka mlangoni niligeuka, nikasema, "Mzee wangu, nimekosa. Nipe Alhamisi moja." Akaniinulia kidole kimoja. "Moja. Ikishindikana, usirudi hapa na hilo dude." Nami nilijua kwamba Ijumaa yake pikapu inakuja. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na kaka alishanitumia habari.

Sasa sikieni ujinga wangu, maana ushuhuda bila ujinga ni majigambo. Nilifika nyumbani nikawalaumu wale kina mama. Wana kelele! Hawana utulivu! Nikapanga kumwomba sista awaamuru wasiitikie. Jumamosi nikamweleza hivyo jirani yangu, yule mwenye sauti. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu," akasema, "ile ni sauti yangu. Mimi nimewasalimia wenzangu, wewe unataka wakatazwe kunijibu? Jana nimepita Mkuyuni, wameniuliza sokoni: bibi, siku hizi unasalimia halafu unapita? Umenifanya mtu asiye na adabu. Mtu akimsalimia mwenzake, anangoja."

Ningebishana na nani? Sekunde zangu nilizipima nikiwa peke yangu chumbani, mahali ambapo hapana wa kuitikia.

Nilirudi kwenye makaratasi ya maelezo yaliyokuja na zile disketi za maktaba, nikayasoma amri kwa amri, kidole kwenye mstari. Na amri zilikuwepo! Moja inauliza sauti imekwisha au bado. Nyingine inaifanya mashine itulie kabisa mpaka mtu abonyeze kitufe. Nikafuta sekunde zote. Nikapaka kitufe kimoja rangi ya kucha nyekundu, hicho ni cha kuendelea. Kingine nikakipaka nyeupe, hicho ni cha kurudia. Umeme wa mgao ulinikatia kazi mara mbili, nikaanza upya mara mbili. Nilisema liwalo na liwe, lakini nianguke nikiwa kazini.

Alhamisi ya pili, vitufe niliwapa kina mama wenyewe. Mashine ikasalimia, ikanyamaza. Wakaitikia, wakauliza habari zote wanazotaka. Mwenyekiti akachoka, akanyoosha mkono abonyeze chekundu. Kina mama wakamzuia, "Mzee, bado tunajibu!" Nikageuka ukutani nisionekane ninavyocheka. Ndipo yule mama kijana wa vijiko sita akabonyeza. Maji. Chumvi. Akabonyeza cheupe, chumvi ikarudiwa. Tena cheupe. Mara tatu! Hakuna aliyemharakisha.

Mwenyekiti akaleta jagi, chumvi, sukari na kijiko. Yule mama akapima mbele ya watu wote: lita moja ya maji yaliyochemshwa, chumvi nusu kijiko, sukari vijiko sita. Sista akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Yasiwe na chumvi kupita machozi, ndivyo wanavyofundisha, na hayakuwa. Siku hiyohiyo sista akaniambia nitengeneze somo la chanjo na la malaria, na kwamba zahanati italipia kazi yangu.

Ijumaa kaka akafika na pikapu. Nikamlaki mlangoni.

"Shikamoo kaka. Karibu. Chai ipo, safari haipo."

"Mdogo wangu, vyombo viko wapi?"

"Vipo mahali pake, kaka, na mimi nipo mahali pangu."

Kwa sauti, ndugu zangu! Safari hii nilisema kwa sauti. Alikunywa chai, akaondoka na pikapu tupu, na wifi yangu nadhani alishukuru kuliko mimi.

Namshukuru mwalimu, hakunificha alichokijua. Namshukuru bibi aliyenigombeza. Kwenu ninyi mliopewa barua kama yangu, nasema msikubali mtu awaambie mmekwisha. Lakini kazi yako ikimshinda yule uliyemtengenezea, usimlaumu yeye. Kamuulize, kisha urudi ukaitengeneze.

Wa mwisho kumshukuru ni yule mama kijana. Angeweza kunyamaza, wengi tungenyamaza mbele ya kamati. Akasema alichokiona, mimi nikaaibika mchana kweupe. Wiki moja baada ya ile Alhamisi ya pili mwanawe aliharisha. Alipima kwa mkono wake, akamnywesha, akapona, na leo mtoto anatembea.