Mama Uzi na Mgeni wa Mferejini

Wasifu huu unasomwa na mdogo wa kiume wa marehemu, fundi cherehani, ambaye familia imemchagua kwa sababu ana sauti kubwa, si kwa sababu ana maneno machache. Marehemu mwenyewe alinipa kazi hii akiwa hospitalini. Alisema, "Usome wewe. Lakini ukianza kunisifia kupita kiasi, nitaamka." Kwa hiyo nitasema yale aliyoyafanya, na sifa mtazitoa wenyewe mkifika nyumbani.

Karatasi mlizopewa mlangoni zina nafasi wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Mpiga chapa hana kosa, msimlaumu. Tutaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa jirani kabisa na mfereji wa kumwagilia mashamba. Baba yetu alikuwa akifungua na kufunga milango ya maji ya mfereji huo, na mama alilima vitunguu. Mfereji ndio uliokuwa bafu letu, dobi wetu na uwanja wetu wa michezo. Marehemu alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na mimi alinifundisha kwa njia yake ya kawaida, yaani alinisukuma. Alipofika miaka tisa alianza kukojoa damu, kama watoto karibu wote wa pale. Hakuna aliyeshtuka. Wavulana walitamba wakisema ni dalili ya ukubwa, wasichana walinyamaza. Naye alinyamaza, na nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho alinyamaza hapa duniani.

Alisoma shule ya msingi ileile iliyo kandokando ya mfereji, akaenda sekondari ya bweni, na Januari 1976 akaingia chuo cha wataalamu wa maabara. Mama alimfumia sweta jekundu la kumsindikiza. Siku ya kwanza alipoachiwa hadubini peke yake, aliweka kioo chake cha sampuli, akainama, akaona kitu kirefu, chekundu, kimejikunja. Chumba kizima kilimsikia. "Mwalimu! Nimempata! Mnyoo ambaye hamo kitabuni!" Wenzake wakajazana. Mwalimu akasogea bila haraka, akatazama kwenye hadubini, kisha akatazama mkono wa sweta la marehemu.

"Umempata kweli," akasema. "Na ukoo wake wote uko hapa begani kwako."

Tangu siku hiyo aliitwa Uzi, na alipojifungua mtoto wa kwanza akawa Mama Uzi. Mimi ninayeishi kwa uzi sijawahi kuona aibu yake iko wapi.

Wiki chache baadaye wanafunzi waliambiwa kila mmoja apime mkojo wake mwenyewe, kwa mazoezi. Marehemu akaona yai lenye umbo la mviringo mrefu, na kwenye ncha yake mwiba mmoja mdogo. Akaita. Wakacheka. "Leo umevaa sweta la rangi gani?" Hata mwalimu hakuinuka kwenye kiti. Hakubishana nao. Alimwendea mwenzake wa meza ya jirani, binti mpole ambaye hakuwa amecheka, akamwambia, "Usiniulize nimeona nini. Tazama, halafu nichoree unachokiona wewe." Yule binti akachora yai lenye mwiba. Hapo ndipo mwalimu alipoinuka.

Alikuwa na kichocho, na alikuwa nacho tangu utoto. Alipewa dawa, akapona. Lakini kutoka siku hiyo alishika kanuni moja ambayo hakuiacha hadi kufa: kioo hakisomwi na mtu mmoja, na msomaji wa pili haambiwi wa kwanza kaona nini. Likizo ilipofika alirudi nyumbani na chupa tupu, akatupanga uani kwa umri. Mama alishika kiuno. "Nimekupeleka chuo ndiyo unakuja kunikusanyia mikojo ya watu?" Sote tulikutwa na kichocho, mama akiwemo. Baada ya hapo mama alikuwa anawapangisha foleni majirani.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika maabara ya kituo cha afya, na kuanzia 1986 hadi alipostaafu mwaka 2017 alifundisha katika chuo kilekile alichosomea. Wanafunzi wake waliojaa hapa wanalijua somo lake la kwanza, Utangulizi wa Vimelea. Aliingia mikono mitupu, akauliza, "Nani humu ndani anaishi peke yake?" Waliopanga vyumba mjini walinyoosha mikono. "Shusheni. Hakuna anayeishi peke yake."

Kisha aliwaeleza. Kimelea ni kiumbe anayeishi juu ya mwingine au ndani yake, anakula kwake na kumletea madhara. Anayekaliwa ndiye mwenyeji. Chawa na kupe wamejenga nje, minyoo na tegu wamehamia ndani, na vijidudu vya malaria vinaingia hadi ndani ya chembe za damu. Lakini aliwaonya wasimwonee kila mgeni. Wako wanaokaa mwilini bila kudai chochote, na wako wengi tumboni wanaotusaidia kumeng'enya chakula. "Mgeni si lazima awe mwizi. Kazi yenu ni kujua nani ni nani." Na alipenda kuwashangaza kwa kusema kwamba kimelea aliyemzoea mwenyeji wake mara nyingi hamuui upesi. Nyumba ikiungua, atalala wapi?

"Kwa hiyo madamu, tumvumilie?" aliuliza mwanafunzi mmoja, kijana wa miwani minene aliyeitwa Macho Manne.

"Tumfahamu," alijibu. "Ukishajua anapita mlango gani, unaufunga."

Mlango wa kichocho aliuchora ubaoni mpaka chaki ikaisha. Mgeni huyu ana nyumba mbili. Mayai yanatoka kwa mtu kwenye mkojo, yanaanguka majini, yanaangua. Watoto wao wanaingia kwa konokono, wanakulia humo, wanatoka na kuogelea hadi wapate ngozi ya mtu aliye majini. Konokono naye ni mwenyeji, alisema, wala hakuombwa ruhusa. Tafadhali wasimtukane.

Turudi nyuma kidogo kwenye ndoa. Mwaka 1982 sinki la maabara liliziba, akaitwa fundi bomba. Shemeji yangu yule pale mbele, mtamuuliza. Alikuja kuzibua sinki, akazuiwa mlangoni na kusimuliwa safari nzima ya kichocho, konokono akiwemo, huku ameshika spana. Mwisho akaulizwa, "Sasa wewe na mabomba yako, utanisaidia?" Shemeji anasema alishindwa kujua kama ameombwa kazi au ameposwa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983. Beseni la kwanza walilonunua kama mume na mke lilikaliwa na konokono wake wa kuchunguza, na shemeji alioga kwa ndoo hadi pasaka.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wazazi wa mferejini. Mwaka 1994 marehemu alirudi kupima watoto wa shule yetu. Zaidi ya nusu walikutwa na mayai. Katika mkutano wa wazazi alisimama mama mmoja, muuza mkaa, mwenye watoto watatu pale shuleni. Namwona ameketi safu ya tatu, sasa ni bibi. Alisema hivi: "Dawa mlileta mwaka juzi. Watoto wakapona, wakarudi majini, wakaugua tena. Sasa hadi lini?"

Marehemu alisimama, akajibu, "Hadi siku tutakaposoma sampuli za shule nzima tusione kitu. Na siku hiyo habari nitawaletea mwenyewe."

Nilimwambia njiani kwamba amejifunga kitanzi. Alisema anajua.

Ahadi hiyo ndiyo iliyokula miaka yake iliyobaki. Yeye na mumewe walihangaika kutafuta mabomba, na maji safi yakafika shuleni. Vyoo vikajengwa. Watoto wa ng'ambo walikuwa wakivuka mfereji kwa miguu kila asubuhi, maji magotini, ndipo akawasumbua wakubwa wa maji mpaka wakajenga kivuko, nadhani ili wapumzike. Wazazi walifyeka magugu ambamo konokono walijificha. Dawa ziligawiwa, na sampuli zilipimwa kila mwaka. Waliokutwa na mayai walipungua, wakaongezeka tena mwaka wa mafuriko, wakapungua. Mwanzoni mwa mwaka jana walibaki wawili tu, ndugu wa tumbo moja waliofuata mpira wao majini. Aliwapa dawa, akawanunulia mpira mwingine na kuwaonyesha uwanja ulio mbali na mfereji.

Mwezi wa tatu mwaka jana aliona damu tena kwenye mkojo wake. Alijipima mwenyewe, kisha akamwita binti yake, ambaye ni mtaalamu wa maabara kama mama yake. "Usiniulize. Tazama." Hapakuwa na yai hata moja. Hospitali ikakuta saratani ya kibofu. Daktari alisema kichocho cha muda mrefu utotoni kinaweza kuacha makovu yanayokuja kugeuka hivyo, ingawa hakuweza kuapa kwamba kwake ndivyo ilivyokuwa. Mimi nililia kama mtoto. Yeye alisema, "Mgeni aliondoka zamani. Ila hakufagia." Kisha akanifukuza nikapimwe, kwa kuwa tuliogelea pamoja. Nimepimwa, niko salama, na kila mwenye umri wangu aliyekulia mferejini namwomba aende akapimwe pia.

Alipasuliwa, akapata nafuu, akarudi shambani kwake na kugombana na kuku. Mwaka huu ugonjwa ulirudi na nguvu zaidi. Akiwa kitandani, sampuli za shule zilikusanywa kama kawaida. Msomaji wa kwanza alikuwa Macho Manne, ambaye siku hizi ndiye anayefundisha somo lile la utangulizi. Ijumaa alipiga simu. Nilikuwepo, sauti ilikuwa wazi. "Mwalimu, shule nzima nimemaliza. Hakuna kilichoonekana."

Niliruka. Muuguzi alikuja kuona kuna nini. Marehemu hakutabasamu.

"Msomaji wa pili nani?"

"Bado hajaanza, mwalimu."

"Basi bado."

Msomaji wa pili alikuwa binti yake, na binti yake alikuwa ameketi kando ya kitanda hicho siku zote hizo, anamgeuza, anamlisha, anamfuta uso. Marehemu akamtazama. "Nenda kasome."

"Mama, siendi. Nitasoma baadaye."

"Baadaye sitakuwepo, na wewe utakuwepo. Mimi nina baba yako hapa. Wale watoto wana wewe."

Walibishana, na wote wawili walilia, na sisi tuliokuwemo tulilia. Mwisho binti alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akachukua mkoba wake, akaenda. Sijui kama mimi ningeweza. Wapo watu waliomwona maabara wakaanza kusema pembeni, eti mtoto gani anamwacha mama yake anakata roho. Nawaambia hadharani kwamba alitumwa, na alikokwenda ndiko moyo wa mama yake ulikokuwa.

Marehemu alifariki Jumanne alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Binti alipata habari akiwa mezani, jicho kwenye hadubini. Alikuja, akamuaga mama yake, akakaa na baba yake. Siku ya pili, bila kuambiwa na mtu, alirudi kwenye vioo vilivyobaki.

Marehemu ameacha mume, fundi bomba, aliyeishi naye miaka zaidi ya arobaini bila kulalamika kuhusu beseni, isipokuwa mara chache. Ameacha binti, msomaji wa pili, na mwana, fundi bomba kama baba yake. Ameacha wajukuu watano, ambao wote wanajua kuchora konokono. Ameacha dada wawili, na mimi kitinda mimba wa nyumba yetu. Ameacha wanafunzi ambao hatukuthubutu kuwahesabu, na shule moja kandokando ya mfereji.

Tumefika kwenye nafasi wazi. Karatasi hizi zilipopelekwa kwa mpiga chapa, binti alikuwa hajamaliza, naye na Macho Manne walikuwa hawajaruhusiwa kuulizana kitu. Jana jioni walikaa meza moja wakalinganisha majibu. Nawaomba walio na kalamu wazitoe, wasio nazo waazime.

Marehemu angenikatiza hapa aseme konokono bado wamo, na mwakani tutapima tena. Ni kweli, dada, tutapima tena.

Lakini mama wa safu ya tatu, uliuliza hadi lini. Aliahidi kwamba habari ataileta mwenyewe, na amekuja, yuko hapa mbele yako. Andikeni: shule nzima, wasomaji wawili, hakuna kilichoonekana.

Pumzika kwa amani, Mama Uzi. Imesomwa mara mbili.