Mtoro Swalehe na Kifundo Chake cha Kushoto

Marehemu Mtoro Swalehe Ngwande alizaliwa Chumbi tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa Mzee Swalehe na Bi Mwanamkuu. Alitoka ametanguliza miguu, mkunga akamchapa makofi mpaka akalia. Sisi mabinamu zake, ambao kwa sura na akili tumewaacha mbali akina Ngwande wote, tunasema yale makofi yalimwingia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Chumbi, 1989 hadi 1995. Mwalimu akiita "Mtoro", yeye anaitika "nipo", darasa zima hoi. Hakukosa hata siku moja.

Mwaka 1999, kwenye mpira na vijana wa Mtunda, beki alimkanyaga kifundo cha kushoto kikalia kama kuni kavu. Mtoro alimng'oa beki meno mawili kwanza, ndipo akaanguka. Toka siku hiyo mguu ule haukuaminika. Akikanyaga tuta tu, yuko chini. Bi Fatu, mchua wetu, aliuvuta na kuukanda kwa mafuta ya moto miaka na miaka, na kila akivuta kano zinazidi kulegea. Sisi tulimcheka kwamba anatafuta kubebwa.

Alilima mpunga Mloka, na kulima Mloka ni vita. Nguruwe wanakuja, tembo wanakuja, viboko wanakuja. Tarehe 6 Julai 2008 alimwoa Zaitun, wakawa wanalinda wote, juu ya dungu lao moja, kichanja kirefu cha kulindia shamba.

Mwaka 2021 nguruwe pori dume aliwatokea shambani. Mtoro akageuka, mguu ukateguka, akalala chali. Zaitun alisimama juu yake na mchi, akampiga nguruwe mpaka taya likaachia, lakini Zaitun naye alikuwa ameshapasuliwa paja. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Zaitun akamwambia sasa yatosha, twende hospitali, na mwanamume aliyekataa miaka ishirini akakubali kwa aibu.

Dar madaktari walimtoboa Mtoro matundu mawili madogo, wakaingiza kamera nyembamba kama bua, wakasafisha vipande vya mfupa ndani ya kifundo, wakakaza kano. Dada yake, Mwanahawa, alikuwa amepinga sana asipasuliwe. Mtoro akafungwa hogo la plasta, akatembelea magongo, kisha kila asubuhi akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mwaka ulipoisha, alikuwa anakimbia.

Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, asubuhi, kiboko alimkuta Zaitun kando ya mpunga, akamvunja mkono. Mtoro aliruka kutoka dunguni, akakimbia, akamkata kiboko puani kwa panga. Kiboko akamwacha Zaitun, akamkamata yeye kiunoni, akamtingisha na kumbamiza chini mpaka watu walipofika na moto. Alikata roho njiani.

Msibani sisi mabinamu tulifanya kazi yetu ya utani, tukapita uani tunachechemea kama yeye. Hapo Mwanahawa akamgeukia Zaitun, akasema mbele ya kina mama wote, "Wewe ndiye uliyempa mguu wa kukimbilia kifo. Angebaki kilema angekuwa hai."

Mzee Bwanaheri, aliyeosha mwili, alitoka akatukuta. "Acheni kuchechemea," alisema. "Mbavu zimesagika, nyonga imeng'oka. Kifundo nimekishika kwa mikono yangu, kimetulia. Huyu hakufa akichechemea."

Tukasimama. Ndipo Zaitun akasema, taratibu, "Wifi, aliniambia neno moja. 'Kimbia mama Salama, leo mguu ninao.'"

Mwanahawa akasogea kwenye mkeka wa Zaitun, akaushika ule mkono mzima. Karatasi hii tunayosoma, kwenye orodha ya walioachwa, ilikuwa na jina la dada mwanzo. Ni yeye mwenyewe aliyesema lisomwe la mke kwanza.

Marehemu ameacha mke, Zaitun, dada, Mwanahawa, watoto wawili, Salama na Haitham, na mabinamu wasio na wa kumtania. Mola amsamehe, na ampumzishe pale pasipo na cha kulinda.