Theodul Ruppen, Aliyeisukuma Treni ya Wyssegg

Marehemu Theodul Ruppen alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 kijijini Stafelried, mtoto wa kwanza wa fundi reli Moritz na mkewe Kreszentia. Alimaliza shule ya kijiji mwaka 1973, akaenda mjini Brig kujifunza ufundi wa mitambo. Mwalimu wake aliandika: "Ana akili, ila hapendi kuwa wa pili."

Mwaka 1980 alikabidhiwa kichwa cha mvuke cha treni ya kupanda mlima Wyssegg. Kwa kuwa mlima ni mkali, kichwa husukuma behewa kutoka nyuma, na kondakta husimama mbele kabisa akiangalia njia. Kondakta alikuwa mdogo wake, Kilian, anayesoma maneno haya, aliyeshindwa mtihani wa udereva mara mbili. Kwa miaka thelathini na saba Theodul alipeleka watu kwenye kona ya mwisho, ambapo barafu yote ya mlima hujitokeza ghafla machoni, naye akaona mgongo wa behewa tu.

"Mimi nakula moshi, wewe unapigwa picha," alilalamika.

"Kaka, kofia ya dereva kavaa nani?"

"Chukua kofia. Nipe mbele, siku moja tu."

Kilian hakumpa. Kupanda kama abiria, Theodul alikataa. Hakutaka kuwa mgeni kwenye treni yake.

Tarehe 12 Oktoba 1985 alimwoa Klothilde Imsand, aliyekuwa akipanda kila Jumapili kwenye benchi la mbele. Theodul alishikilia kwamba mkewe alikuwa akija kumtazama Kilian.

"Nilikuja kutazama mlima, mwanaume wewe," Klothilde alimjibu. Hilo lilimchoma zaidi.

Januari 2018 mapafu yalianza kumsumbua, akaacha kazi. Tarehe 2 Juni, siku ya treni ya kwanza ya kiangazi, alikuja stesheni na mtungi wake wa oksijeni.

"Kili. Leo."

Kilian alimvisha filimbi, akakaa nyuma yake katikati ya watalii. Kwenye kona ya mwisho kondakta hupiga filimbi, dereva apunguze mwendo. Theodul hakupiga. Dereva mpya hakusikia kitu, akahofia kuna hatari, akasimamisha treni nzima.

"Kaka, filimbi!"

Theodul hakugeuka. "Kumbe ulikuwa unaona hivi kila siku, mwizi wewe."

Alifariki nyumbani tarehe 21 Agosti, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Klothilde, binti yao, Regula, wajukuu wawili, na mdogo wake, ambaye katika miaka yote ile hajawahi hata mara moja kusahau kupiga filimbi, na kwa hilo anamwonea wivu kaka yake, aliyesahau siku yake ya kwanza.

Mungu ampumzishe kwa amani, mahali pa wazi.