Mashahidi wa Chopin

Benchi la kijiwe cha Mabibo ni ubao wa mnazi uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, ukaegemezwa kwenye banda la fundi feni. Anayekaa kulia hupata upepo wa bure kila feni inapojaribiwa, na anayekaa kushoto hupata moshi wa jiko la kahawa. Jumamosi ile Adelard alikaa kushoto, ingawa kulia palikuwa wazi. Ni mwalimu wa darasa la tano, mtu wa Karagwe, kijiweni wanamwita Ticha, naye amepanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mwajabu, hatua thelathini tu kutoka benchini. Ijumaa jioni, alipokuwa anavuta kiti ili aanze kupiga kinanda chake kama kawaida, ukuta uligongwa mara tatu. Sauti ya Bi Mwajabu ikatoka upande wa pili: "Ticha, kesho asubuhi nitakupitia kijiweni. Nina neno na wewe kuhusu hicho kinanda." Adelard akakifunika kinanda kwa shuka, akalala bila kula. Sasa kahawa ilikuwa inapoa mkononi mwake.

– Aliongea vipi? aliuliza Injinia. Kwa ukali au kwa upole?

– Kwa upole.

– Basi umekwisha.

Injinia ni Brightson, mwenye banda la feni, na cheo hicho alijipa mwenyewe.

– Usimtishe mwenzio, alisema Twaha, muuza kahawa, huku akisuuza vikombe.

– Simtishi. Yule kijana wa spika za singeli si aliambiwa hapahapa, kwa upole hivyohivyo? Saa nane mchana godoro lake lilikuwa juu ya guta.

Hilo kila mtu alilikumbuka. Adelard alilikumbuka kuliko wote, maana ndiye aliyerithi chumba.

– Tuendeshe kwa utaratibu, alisema Katibu, akatoa daftari kwenye mfuko wa shati. Jina lake ni Albano, lakini mtaani hapo haijaundwa kamati ya msiba asiwe katibu wake. 

– Shtaka ni kinanda, aliendelea. Kinanda ni plastiki, hakina kosa. Kama kuna kosa liko kwenye hizo nyimbo, na nyimbo si za Ticha. Ticha, ni za nani?

– Za Chopin.

– Anakaa wapi?

– Alishafariki. Mwaka elfu moja mia nane arobaini na tisa.

– Pole sana, alisema Mzee Bakari kwa dhati. Huyu alifanya kazi bandarini miaka thelathini na mmoja, na wenzake humwita Bandari.

– Marehemu hawezi kujitetea, Katibu aliendelea. Kwa hiyo sie ndio mashahidi wake. Bi Mwajabu akifika tumweleze aliyetunga alikuwa mtu wa namna gani. Tukionyesha alikuwa na heshima zake, atamtoaje Ticha kwa kupiga nyimbo za mtu mwenye heshima zake? Haya, Ticha, tupe tabia.

Adelard aliweka kikombe chini. Miaka kumi na mmoja alikuwa amempenda mtu huyo, tangu chuo cha ualimu, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Maneno yakaanza kumtoka moja moja, halafu mawili mawili.

– Alikuwa mpole. Mwembamba, kifua kinamsumbua. Anapenda kuvaa safi, glavu nyeupe. Watu wengi walimtia hofu. Kumbi kubwa alizikwepa, alipendelea sebule za rafiki zake, taa chache, watu wachache. Na alipiga taratibu, jamani. Wengine wanapiga piano kama wanavunja mlango. Yeye alipiga kama anafunga mlango kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala.

– Huyo alikuwa mpangaji, alisema Injinia.

– Umejuaje?

– Mie nimesikiliza wiki sita kutoka hapa. Mkono wa kulia unaimba vizuri tu, unanogewa, halafu ghafla unashusha sauti. Unakumbuka kuna mtu upande wa pili. Mtu mwenye nyumba yake hana habari hiyo. Huyo anaujua ukuta.

– Ni kweli alipanga, alisema Adelard, akijishangaa. Paris alihamahama sana.

– Unaona? Tena na choo cha kuchangia.

– Hilo sijui.

– Andika, Katibu. Choo cha kuchangia.

– Na alikuwa anakula wapi? aliuliza Twaha.

– Alifundisha. Wanafunzi wanaingia na kutoka mchana kutwa. Ndiyo ilikuwa riziki yake.

– Twisheni, alisema Twaha. Mtu aliyefundisha twisheni tangu asubuhi jioni hana nguvu ya fujo. Hilo Bi Mwajabu atalielewa.

Mzee Bakari alikuwa anangoja zamu yake, ameinua kidole.

– Nyie mnasikiliza mkono wa kulia. Mie namjua huyu kwa wa kushoto. Unakwenda, unarudi, unashuka, unapanda, hauna haraka. Ile ni kreni. Huyu kakulia bandarini.

– Mzee wangu, alizaliwa kijijini, Poland, mbali na bahari.

– Baba yake basi.

– Baba yake alikuwa mwalimu.

– Mwalimu wa nani? Wa makuli. Nyie watoto hamuulizi mpaka mwisho. Na ile tup je? Mkono wa kushoto ukishuka kabisa inasikika tup. Si kontena limegusa sakafu?

Adelard akaona haya. Kinanda chake alikipata kwa kwaya iliyonunua kipya, nacho ni kifupi, noti za chini kabisa hazimo. Kila mkono wake wa kushoto unapozihitaji hupita mwisho wa kinanda na kugonga meza, ili usisahau njia. Akawaeleza hivyo.

– Kwa hiyo tup ni yako, alisema Katibu.

– Ni yangu.

– Usiseme mbele ya mama mwenye nyumba. Hiyo tunamwachia marehemu.

Akaandika, kisha kalamu ikasimama.

– Alizikwa wapi?

– Paris.

– Hakurudishwa kwao?

Injinia akazima feni aliyokuwa anaijaribu. Pale benchini kila mtu ana kwao, na kila mtu ana ndugu aliyebishaniwa azikwe wapi.

– Aliondoka kwao na miaka ishirini, Adelard alisema. Nyuma yake kukawa na vita, hakurudi tena. Alipofariki, mwili ulibaki Paris. Moyo ulirudi. Dada yake aliuchukua kwenye chupa akausafirisha mpaka Warsaw. Uko kanisani, ndani ya nguzo, hadi leo. Wanasema aliomba mwenyewe.

Katibu alivua miwani.

– Miaka kumi na saba naandika kamati. Nimesafirisha watu Songea, Kyela, Musoma. Nimeona mke wa mjini na mashangazi wa kijijini wakivutana jeneza mbele ya gari. Sijawahi kuona mwafaka kama huo. Kila upande umepata, na aliyeamua ni mhusika mwenyewe. Huyo mtu hakuwa mpiga piano. Huyo alikuwa katibu, na piano ilikuwa ya jioni tu.

– Alikuwa mpangaji, alisema Injinia.

– Mpangaji na katibu. Vinakatazana?

– Ndiyo maana sasa, alisema Twaha, akimimina taratibu. Mie nilikuwa sijaelewa kwa nini ule wimbo haufiki. Unakwenda vizuri, unakwenda, ukikaribia mahali fulani unasimama, halafu unarudi mwanzo. Kila siku palepale. Kumbe ni mtu anataka kwenda kwao. Anafika stendi, anaangalia basi, anarudi.

– Hapo umesema, alisema Mzee Bakari. Ndiyo tabia yake hiyo. Mtu wa kurudi.

– Naandika, alisema Katibu. Mtu wa kurudi.

Adelard alichukua tena kikombe chake. Kipande kile kina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza na wa pili vidole vyake vinavijua. Wa tatu una noti nyeusi zilizorundikana kama siafu wanaohama, na kwa wiki sita kila anapofika chini ya ukurasa wa pili hurudi mwanzo, eti akachukue kasi. Hakuwahi hata kuusikia mwisho wake. Bi Benedicta, aliyemfundisha chuoni, alimkataza kusikiliza wengine kabla vidole vyake mwenyewe havijafika, na Adelard ni mtu wa kutii. Kwa hiyo mtu wa kurudi hakuwa yule wa Paris. Alikuwa hapa, kwenye moshi, na kikombe kilichopoa. Lakini utawaambiaje mashahidi wako kwamba ushahidi waliouandika vizuri hivyo ni uoga wako?

– Huyo anakuja, alisema Injinia.

Bi Mwajabu alikuwa anavuka barabara na kikapu cha sokoni, mchicha umechungulia juu. Wote wakasimama.

– Shikamoo, Bi Mwajabu.

– Marahaba. Kaeni. Ticha, umekonda tangu jana?

– Hapana, mama.

Katibu alikohoa, akafungua daftari.

– Bi Mwajabu, kabla hujasema neno lako, tunaomba utusikilize. Sie tuko hapa kwa niaba ya marehemu.

– Nani amekufa?

– Chopin.

– Inna lillahi. Wa nyumba ipi?

– Wa Paris, mama. Zamani. Ndiye mwenye zile nyimbo. Alikuwa mpangaji, mstaarabu, mwalimu wa twisheni, glavu nyeupe, kifua kinamsumbua. Hakupenda kelele. Aligawa mwili wake bila ugomvi. Na ile tup ni yake.

Bi Mwajabu aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatua kikapu chini.

– Umemaliza?

– Nimemaliza.

– Mie sijaja kushtaki mtu. Nimekuja kuuliza. Kwanza, Ticha, jana mbona kimya?

– Nilidhani nakusumbua.

– Ulidhani. Jana nimekaa kitandani nasikiliza ukuta, kama mtu aliyesahaulika kwenye harusi.

Adelard alihisi bega lake la kushoto, lililokuwa limepanda hadi karibu na sikio tangu ukuta ulipogongwa, likishuka lenyewe.  Akakaa. Hakuna godoro lililokuwa linakwenda juu ya guta. Akataka kucheka, akaogopa kwamba akianza hataweza kuacha.

– Sikiliza, mwanangu, alisema Bi Mwajabu. Marehemu mume wangu alikuwaga na tabia moja. Usiku ananipigia hadithi, tamu kweli, akifika katikati analala. Miaka ishirini na tisa. Asubuhi nikimuuliza, hakumbuki. Nina chumba kizima cha hadithi za nusu. Nikasema, ameondoka, basi na hayo yamekwisha. Umekuja wewe. Kila jioni unanishika mkono, unanipeleka, unanipeleka, unanifikisha mlangoni, mkono wangu uko kwenye kitasa, halafu unanirudisha barabarani. Wiki sita. Sasa nimekuja nikuulize mbele ya watu, usije ukanikwepa. Inaishaje?



Katibu alifunua daftari mbele na nyuma, kana kwamba jibu aliliandika mahali. Mzee Bakari alitazama viatu vyake.

– Kwa jinsi ninavyomjua, alianza Injinia, mpangaji yule atamalizia kwa upole, polepole…

– Sikukuuliza wewe.

– Samahani, mama.

– Sijui, alisema Adelard. Sijawahi kufika. Anayerudi pale si yeye, ni mimi. Yeye aliendelea. Mimi ndiye naogopa ukurasa wa tatu.

Twaha akaacha kumimina. Katibu akashika kalamu, akafuta mstari mmoja, kwa uangalifu, na ncha ya ulimi wake ikatokeza.

– Tumemsingizia marehemu, alisema.

– Tumejua nusu ya mtu, tukamwandika mzima, alisema Mzee Bakari. Lakini kreni naiacha palepale.

– Alifariki na umri gani huyo? aliuliza Bi Mwajabu.

– Thelathini na tisa.

– Na wewe unayo mingapi?

– Thelathini na sita.

– Basi yeye alikuachia mitatu. Mie nina sabini na moja, usinihesabie mitatu. Leo hakuna shule. Nenda.

Adelard alisimama. Alikuwa amefika katikati ya barabara aliposikia tena sauti ya Bi Mwajabu.

– Na ile tup usiitoe. Ndiyo inayonituliza.

Chumbani alivuta shuka, akafungua dirisha lote. Kutoka pale aliliona benchi. Bi Mwajabu alikuwa amekaa kulia, kwenye upepo wa feni, kikapu miguuni, mkono umenyooshwa kupokea kikombe. Twaha alipindua birika, kikatoka kiasi cha kikombe kimoja na machicha. Ilikuwa ya mwisho, akampa yeye. Injinia aliinama akachomoa waya, na feni ikazunguka polepole mpaka ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Adelard ahamie Mabibo, kijiwe kizima kilikuwa kimya.

Mikono yake, kwa mazoea, ilikwenda mwanzo wa ukurasa wa kwanza. Akaiondoa. Akafunua karatasi moja, akafunua ya pili, siafu wakamtazama.

Noti ya kwanza ilitoka vibaya, na ya pili ikaifuata. Akasimama.

– Endelea, ilisema sauti ya Bi Mwajabu kutoka benchini, kwa upole.

Akaendelea. Alikuwa taratibu kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba kigeni, lakini chini ya zile noti kulikuwa na wimbo, ulikuwepo muda wote, naye akaanza kuusikia pamoja na wale wa benchini. Mkono wa kushoto ukashuka, ukashuka, ukafika mwisho wa kinanda, ukapita.

Tup.