Fundi Baridi na Mita Mia Nne za Sokoni

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto wawili. Mama alisema alizaliwa amekunja ngumi, na kwa ubishi aliokuwa nao hakuna aliyemkatalia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akahitimu ujenzi wa barabara katika chuo cha ufundi mwaka 1977. Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya barabara, akasimama kando ya mapipa ya lami inayochemka, akila moshi mchana kutwa. Mdogo wake alimfuata huko kama dereva wa rola ya kushindilia barabara.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na muuguzi. Alifika na suti ya kuazima na kucha nyeusi tii, bibi harusi akamvuta nyuma ya ukumbi akamsugua kwa mafuta ya taa. Picha za harusi zote, bwana harusi ameficha mikono.

Mwaka 2002 alipelekwa mafunzo, akarudi na wimbo mmoja: lami baridi. Ni lami iliyochanganywa na maji, haichemshwi, haina moto wala moshi wa kuua watu. Inachanganywa na kokoto ikiwa ya kahawia, inaachwa hadi igeuke nyeusi, ndipo rola inapita. Kusubiri tu, jamani, ndilo sharti lake kubwa, na kusubiri ndiko kulikotushinda.

Aliomba kuijaribu miaka miwili, wakubwa wa idara wakimcheka. Tarehe 6 Novemba 2004 wakampa mita mia nne mbele ya soko. Asubuhi hiyo kulikuwa na mawingu, lami ikachelewa kugeuka, na mgeni rasmi alikuwa njiani. Mkuu wa kazi akamtuma fundi njia panda akazuie malori. Aliporudi, rola ilikuwa imeshapita.

Akamuuliza mdogo wake, "Ilikuwa imeshageuka nyeusi?"

"Nyeusi kabisa, kaka."

Kufika mchana, lami ilikuwa inabanduka na viatu vya watu. Mgeni rasmi aliacha soli yake pale. Ripoti ikaandikwa kwamba lami baridi haifai, mapipa yakawashwa tena, na fundi akarudishwa kwenye moshi akiwa na jina jipya la dhihaka. Inaudhi hata kuisoma.

Basi akaanza kulitafuta kosa lake. Miaka ishirini! Nyuma ya nyumba alipima kokoto, akapima maji, akachanganya kwenye karai kuukuu hadi mkewe akakosa pa kuanika nguo. Mwaka 2006 alijenga kwa lami hiyo kinjia cha kutoka mlangoni hadi getini, na leo tumelipitisha jeneza juu yake, hakina ufa hata mmoja. Alikuwa akikitazama na kusema, "Hiki kimekubali. Ile ya sokoni niliikosea wapi?" Mdogo wake alikuwa akinywa chai tu.

Mwaka 2019 kifua kilianza kumsumbua. Daktari alisema ni moshi wa miaka mingi. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na daftari la vipimo chini ya mto. Siku mbili kabla, alimuuliza mdogo wake swali lile lile, na akapewa jibu lile lile.

Ameacha mke, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake, dereva wa rola mstaafu, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizogawiwa. Mkuu wa kazi aliniambia panda rola, nikapanda. Niliogopa kufukuzwa, baadaye nikaona aibu, na aibu ikazoeleka.

Ilikuwa bado ya kahawia, kaka. Vipimo vyako vilikuwa sawa tangu siku ile. Lifunge daftari, upumzike.