Kindi, Kipanga na Ndoo ya Bi Heulwen

Bi Heulwen Prydderch anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulinda msitu wetu wa Llwynwen, hapa kisiwani Môn. Nimeombwa niandike mimi, ninayejitolea Jumamosi, kwa kuwa kusema mbele ya watu siwezi, si kwa Kiwelshi wala kwa Kiingereza.

Wageni wa msituni aliwaanzia na somo la uzito. Kindi wetu mwekundu na kipanga jike wanakaribia kulingana kwenye mzani. Lakini kindi hutafuna koni ya msonobari hadi ikabaki kijiti, maganda yakimwagika. Kipanga hunyonyoa ndege juu ya kisiki, akaacha manyoya. "Someni chini kwanza, wanangu," alisema. "Mkikimbilia juu mtaona mkia tu."

Mwaka fulani kipanga alifukuza shomoro hadi jikoni mwa Bi Heulwen, akatua juu ya keki ya harusi ya mpwa wake. Tuliila hivyo hivyo.

Mwezi wa nne mwaka huu maganda ya koni yalikoma: kindi walikuwa wanakufa. Manyoya yakaendelea. Kijiji kikamhukumu kipanga, na Mzee Emrys, jirani ya Bi Heulwen tangu utotoni, akapanda ngazi kuangusha kiota chake.

"Shuka, Emrys," Bi Heulwen akamwita. "Huyo anakula shomoro, si kindi."

"Unamtetea muuaji, we mwanamke!"

"Visanduku vya njugu tunavyowawekea kindi ndivyo vilivyowaua. Tumewalisha kwa mapenzi, kuosha hatukuosha. Mmoja mgonjwa akala humo, wakaugua wote."

"Kwa hiyo nimewaua mimi?"

"Sisi, Emrys. Hata changu kilikuwa kichafu."

Alishuka, ila kwa miezi hakumsemesha. Kiangazi kizima Bi Heulwen alipita nyumba hadi nyumba na ndoo ya dawa, akisugua visanduku. Kindi wa mwisho tulimkuta amekufa chini ya msonobari. Bi Heulwen alimfunika kwa skafu yake akalia, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu. Tangu hapo hatujaona mwingine.

Jumamosi iliyopita Mzee Emrys alitokea, kisanduku chake kwapani.

"Msitu mtupu huu, Heulwen. Tunamwoshea nani?"

"Kindi, wakirudi."

Mzee Emrys akaweka kisanduku chini. Kisha akakunja mikono ya shati, akachutama kando ya ndoo.

Bi Heulwen, asante kwa yote. Sasa lala mpaka jua lipande, na siku zako ziwe njema. Ndoo tuachie sisi.