Kaka Yetu Tofauti, Mfanyabiashara wa Masoko Mawili

Kaka yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Tofauti, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Tulizaliwa wawili tu. Mimi ninayewasomea ndiye niliyemfuata, na leo nimebaki peke yangu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1976. Hesabu aliipenda, insha hakuiweza kabisa, na hata angekuwa hai kazi ya kuandika maneno haya angenisukumia mimi. Akiwa darasa la tano, mama alimtuma mafuta ya taa duka la jirani. Yeye akapitiliza mpaka duka la stesheni, kwa sababu huko yalikuwa rahisi zaidi, akarudi jua limeshazama na kandambili imekatika. Mama akapokea chupa, akamtazama miguu, akasema, “Haya, umeokoa senti zako. Na kandambili nani atanunua?” Tangu hapo hakuna aliyemsikia akitaja faida kabla ya kutoa gharama.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa karani wa mauzo katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, na huko alikaa zaidi ya miaka ishirini. Alipoacha, alijiingiza katika biashara iliyompa jina na iliyomletea maneno mengi nyuma ya mgongo wake. Wako waliosema anacheza kamari. Wako waliotikisa vichwa na kusema mshika mbili moja humponyoka. Kwa kuwa hawezi tena kujitetea, nitamtetea mimi, na mwenye kununa anune.

Kampuni ya saruji mnayoijua ilikuwa imeandikishwa katika soko letu la hisa na katika soko la nchi jirani pia. Kampuni ni moja na gawio ni lilelile, lakini bei za masoko mawili hazikulingana kila siku. Kaka alinunua hisa pale ziliposhuka na kuuza kule zilikopanda, yote kwa wakati mmoja. Ili asingoje hisa zihamishwe kutoka soko moja hadi jingine, jambo lililochukua siku nyingi, aliweka hisa na fedha pande zote mbili mapema. Kila asubuhi aliwapigia makarani wa dalali akiuliza, “Tofauti ngapi leo?” Akishaambiwa, alitoa kamisheni mbili, kodi, na kilichopotea katika kubadilisha fedha. Kikibaki kitu, alifanya biashara. Kisipobaki, alikunywa chai yake. Mcheza kamari gani huyo anayeshinda akinywa chai?

Vijana waliomfuata katika chumba chake juu ya duka la cherehani aliwaambia ukweli. Aliwaambia mtu binafsi asishindane mbio na kampuni kubwa, maana ataachwa. Atafute hisa zinazouzwa kidogokidogo, ambazo wakubwa hawajishughulishi nazo. Na kubwa kuliko yote, asinunue upande mmoja kabla hajahakikisha upande wa pili unauzika.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1991 na mkunga aliyemkuta wodini, siku nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa ameingia bila kubisha hodi.

“Baba, toka nje,” yule mkunga akamwambia.

“Mimi si baba. Mimi mjomba.”

“Na mjomba naye nje.”

Akatoka, lakini kesho yake akarudi, na siku iliyofuata, ingawa mimi nilikuwa nimesharuhusiwa kwenda nyumbani. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1993.

Mwaka 1998 wifi yangu alipata kazi katika hospitali ya nchi jirani, kwa mshahara ambao hapa tusingeuota. Alimchukua mtoto. Walikubaliana iwe miaka michache, wajenge nyumba, kisha arudi waishi pamoja kama watu wengine. Kaka alipoanza biashara ya hisa, mkewe ndiye aliyekuwa mkono wake wa pili, kwa sababu akaunti ya huko ilikuwa kwa jina lake. Saa nne asubuhi simu ililia. “Sista, huko bei gani?” Hata kwa mumewe alikuwa Sista. Yeye alijibu kutoka korido ya wodi, pengine glavu zikiwa bado mkononi. Kama alikuwa na mzazi na hakupokea, siku hiyo kaka hakununua kitu.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu, mwaka 2008. Nyumba ilikuwa imebaki madirisha na rangi, na wifi alikuwa ameshaaga kazini, arudi Desemba. Asubuhi moja kaka aliona tofauti pana kuliko zote alizopata kuziona. Simu ya mkewe ikawa haipokelewi. Aliogopa nafasi isimponyoke, akanunua kwa fedha zote zilizokuwa upande huu, hata za kumalizia nyumba. Muda si mrefu simu ikalia.

“Mume wangu, nilikuwa nafua. Umenitafuta?”

“Uza zote, Sista. Haraka!”

“Niuze wapi? Leo huku hakuna soko. Serikali imetangaza mapumziko jana jioni.”

Ile bei ya kule aliyokuwa akiitazama ilikuwa ya jana. Kwetu hisa zilikuwa zikiporomoka kwa habari mbaya za kampuni, na kule hazikuweza kuporomoka kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Ulipofunguliwa, ziliporomoka kuliko za kwetu. Haraka haraka haina baraka, tunafundishwa tukiwa watoto, na bado tunaumia nayo tukiwa watu wazima. Wifi alirudi kwa mkuu wake wa kazi, akaomba asihesabiwe kuwa ameaga, akatia saini mkataba mwingine. Hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja, na nadhani hilo ndilo lililomwuma kaka zaidi.

Baadaye nyumba ilikamilika. Lakini kila mkataba wa wifi ulipokaribia mwisho, palitokea sababu ya kuongeza mwingine: mara ada ya chuo ya binti, mara paa. Biashara nayo ilinyauka, kwa maana kompyuta za makampuni makubwa zilianza kuziba tofauti kabla mtu hajameza mate. Hata hivyo simu ya saa nne iliendelea. Nilimwuliza, “Kaka, tofauti zenyewe hazipo, unapiga ya nini?” Akanijibu, “Naulizia bei.” Alikuwa mtu mzima anayeishi peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, na bei ndilo neno alilokuwa nalo la kumwambia mkewe.

Mwaka 2022 madaktari walimwambia moyo wake umetanuka. Alinikataza kumwambia wifi. Alisema wifi amebakiza muda mfupi apate kiinua mgongo chake, na akijua habari hizi ataacha kazi na kukikosa. Nilimkasirikia sana, na hata leo nikiwa nimesimama hapa hasira haijaisha. Ila wifi hakuhitaji kuambiwa. Mwanzoni mwa Mei mwaka huu, kaka alimsomea kwenye simu bei ya juzi, akarudia tena bei hiyohiyo. Mtu ambaye hakuwahi kukosea bei! Wifi alivua koti la kazi, akapanda basi.

Alimkuta kitandani, miguu imevimba.

“Umekosa kiinua mgongo, Sista.”

“Nimekosa mengi kuliko hicho. Sogea.”

Kwa majuma manne waliishi nyumba moja. Wifi hakujua vijiko vinakaa wapi. Hakujua kwamba kaka analala na redio ikiwa wazi, na kaka hakujua kwamba mkewe sasa anavaa miwani. Siku moja karani wa dalali alipiga kwa furaha: bei zimeachana, tena sana, haijatokea kwa miaka. Nilikuwepo, nikamsikia kaka akimjibu kwa sauti ndogo, “Upande wa pili hakuna mtu, kijana. Yuko jikoni.” Akakata simu, akatabasamu.

Marehemu alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti mmoja ambaye ni mwalimu, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na wapwa zake watatu.

Jambo moja kabla hatujamteremsha. Jana, katika turubai la msiba, mama mmoja jirani alimwona wifi amekaa mkekani karibu na mlango, akamwuliza kwa upole kabisa, “Samahani, mgeni, wewe ni nani wa marehemu?” Wifi alitazama chini. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, akakosa jinsi ya kulijibu swali hilo. Simlaumu yule mama, kwani hajawahi kumwona. Namjibu hapa, ili wasikie wote. Yule mwenye miwani, aliyesimama peke yake upande ule wa kaburi, si mgeni. Ndiye mkewe, na nyumba ya msiba tuliyotoka ni yake. Tukimaliza hapa, mwende mkampe pole huko.

Pumzika, kaka. Mungu akupe amani.